Benki ya Ami Nassor

Sukari ikishikwa na moto mpaka ikaanza kuvuta nyuzi hutoa harufu inayowakumbusha watu wengi kaimati za Ramadhani. Mimi hunikumbusha kichwa cha ami yangu. Juzi nilikuwa jikoni kwangu Maskati napika shira, siku chache baada ya kutoka kwenye aza yake, yaani matanga, na ile harufu ilipopanda ikabidi nizime jiko nikae kitako. Kwenye aza ile palikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya kutangaza, akiwahadithia wenzake kwamba marehemu Nassor alikuwa mtu wa benki tangu ujana wake, tangu yuko Uingereza, hata Waingereza wenyewe walisikitika alipowaacha. Wanawake wakaitikia mashallah, mashallah. Nikamwacha aseme, maana kwenye aza mtu habishani. Hapa lakini si kwenye aza.

Ami Nassor hakufanya kazi benki Uingereza hata siku moja. Alikuwa mwimbaji wa bendi. Si bendi ya taarabu, ya fidla na kanuni, kama tuliyoizoea sisi watu wa Unguja, bali bendi ya vijana wanne wenye nguo zilizochanika, waliopiga magitaa kama watu wanaopasua kuni, katika muziki ule ambao Waingereza wa wakati ule waliuita panki. Lishikeni hilo neno, kwa sababu ndilo lililotuharibia.

Tulikuwa tunakaa Ibra, mji wa ndani ya Oman, katika nyumba ya udongo yenye ua mpana karibu na mashamba ya mitende. Baba yangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, lakini mkubwa wa nyumba alikuwa mama yake, Bibi yetu. Babu alibaki Unguja katika yale yaliyotokea wakati wa mapinduzi, na sisi watoto hatukuelezwa vipi. Bibi akavuka na wanawe wawili mpaka Dar es Salaam, na baada ya miaka wakafika Oman, nchi aliyokuwa akiisikia tu midomoni mwa wazee wake. Katika mizigo yake alikuja na mbuzi wa kukunia nazi, akamweka juu ya kabati kwa heshima zote, katika mji usio na mnazi hata mmoja. Ami Nassor, mwanawe mdogo, alikaa nasi Ibra kidogo tu, kisha akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uhandisi. Bibi akamlilia, na alipokwisha kulia akaanza kumsifu.

Majirani zetu, watu wa Ibra wa asili, walikuwa wakikicheka Kiarabu chetu, na walikuwa na haki, maana Bibi alikuwa akinunua vitunguu kwa ishara za vidole. Sisi nasi tuliwacheka kwa herufi moja. Kiarabu hakina "pe", kwa hiyo pilau kwao ilikuwa bilau, na Pakistani ilikuwa Bakistani. Bibi akiwa na furaha alikuwa akinituma kwa jirani nikamuulize kama sokoni kuna papai, kwa sababu moja tu, nirudi nimwigizie yule mama alivyosema babai. Hatukujua kwamba iko siku "pe" moja itakuja mlangoni kwetu imevaa nguo za "be", na sisi tutaipokea kwa vigelegele.

Simu ilikuwapo ofisini kwa Baba. Ami alipiga siku ambayo Baba alikuwa ametumwa mji wa Samad, ikapokelewa na karani mwenzake, Bwana Hilal, mtu mwema ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya jambo na karibu. Ami akajikokota kwa Kiarabu chake kibovu. Alikuwa na mambo mawili ya kusema: kwamba ameacha chuo, na kwamba sasa yumo kwenye panki. Alasiri ile Bwana Hilal akaja kwetu, kanzu imepigwa pasi, akasimama katikati ya ua kama mtu aliyeleta posa.

"Nasir yisallim aleikum," akasema. "Khalas, ma fi madrasa. Huwa fil-bank."

Nassor awasalimu, masomo basi, sasa yuko benki. Hivyo ndivyo alivyosikia, na ukilisema neno hilo kwa ulimi wa Kiarabu, panki na benki ni kitu kimoja.

Bibi alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani waliokuwa wamejipenyeza uani wakakimbia. "Ndiyo maana kaacha kusoma!" akasema. "Wameona wakimchelewesha na mavitabu watamkosa." Kila mtu akaona hiyo ni sababu nzuri sana. Halwa ikaletwa, kahawa ikachemshwa. Baba aliporudi aliuliza benki gani, Bwana Hilal akamwambia hakuuliza, benki ni benki.

Tangu siku ile Bibi akapandishwa cheo. Wanawake waliokuwa wakimcheka kwa vitunguu vyake vya vidole walianza kumpisha kwenye mto wa kuegemea, na kahawa ikawa inaanzia kwake. Mwenye mtoto anayetafuta kazi alimpeleka kwa Bibi aombewe dua, apate kama alichopata Nassor. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu bila ya hili mengine yote yataonekana upuuzi. Bibi alikuwa ameacha nyuma mume, shamba na nyumba ya ghorofa, na mji mpya ulikuwa haujampa hata jina. Sasa alikuwa nalo, Mama Nassor wa Benki.

Baadaye kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni alituletea kanda. Tukakaa uani, Baba akaitia kwenye redio kaseti. Kwanza ilisikika sauti ya Ami: "Assalaam aleikum, Mama, shikamoo. Mie mzima, alhamdulillahi. Sasa nakusikilizisheni kazi yetu ya panki." Halafu kikafuata kishindo. Magitaa, ngoma, na mtu anapiga kelele za Kizungu kama aliyefungiwa stoo. Nilimshika Mama nguo.

"Ala! Hii ndiyo benki?" Bibi akauliza. "Mbona wanagombana?"

Baba akapunguza sauti. "Kanda imeharibika na joto njiani."

"Na hilo panki ndilo lipi?" Kisha akajijibu mwenyewe huku anacheka. "Maskini mwanangu. Kaogopa kusema kama watu wa Ibra, kila penye be sasa anatia pe."

Bibi akatosheka na jawabu yake. Mimi lakini nilikuwa na miaka saba au minane, na mtoto wa umri huo ukimwambia hii ni kazi ya mtu, na kazi ya mtu huyo ni benki, anajumlisha mwenyewe. Nikajua kwamba benki ni mahali watu wanapolipwa kwa kupiga kelele. Niliona ni kazi nzuri kupita zote. Nilikuwa mtoto wa kuambiwa "shusha sauti yako" asubuhi na jioni, na sasa nimegundua kwamba kuna nyumba kubwa ambayo mtu akivaa viatu akaingia ndani anaruhusiwa kupayuka mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Benki ilipofunguliwa Ibra, nilimng'ang'ania Baba mpaka akanichukua. Palikuwa na panka la dari likizunguka, meza ndefu, na karani mmoja aliyenyoa ndevu zake vizuri akiandika kwa utulivu. Watu walikuwa wakinong'ona. Nikangoja. Baba akamaliza shughuli yake, akanishika mkono tuondoke, na mimi nikakataa kwenda.

"Ami," nikamuuliza yule karani, "mtaanza saa ngapi?"

"Kuanza nini, mwanangu?"

Nikamwonesha, kwa sauti yangu yote. Nilirudi nyumbani sikio moja likiwa jekundu.

Ami Nassor alikuja mwaka uliofuata, kwa likizo fupi, baada ya Bibi kumpelekea salamu kwa kila aliyesafiri kwamba anataka kumwona kabla macho yake hayajafifia. Baba alikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Alishuka garini amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na koti la ngozi lililochanika mikono yote miwili, limeshikizwa kwa pini kila mahali. Akambusu Bibi mkono na kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Benki hawakulishi?"

Ami akamtazama Baba. Baba akajishughulisha na mizigo. Njiani walikuwa wameshaambizana kila kitu, na Baba alikuwa amemwomba asiseme lolote kwanza.

Asubuhi ya pili nilimkuta Ami jikoni anachemsha sukari na maji kwenye kisufuria. Ikawa nzito, akaiacha ipoe, akaanza kujipaka nywele na kuzivuta juu, kishungi kimoja baada ya kingine, mpaka kichwa chote kikasimama. Nilimwomba nimguse. Nilimgusa, nikaonja kidole. Kwa siku kadhaa Bibi alikuwa akikung'uta sisimizi kwenye mto wake, akisema nyumba za udongo hazina haya.

"Na hicho kichwa nini, Nassor? Umekuwa jogoo?"

"Ndio mtindo wa kule, Mama."

"Wa watu wa benki?"

"Wa baadhi yao."

Lile koti Bibi hakulivumilia. Ami alipolala mchana, alilichukua, akachomoa pini zote, akashona kila mpasuko kwa mkono wake, mishono midogo midogo ambayo alifundishwa Unguja na mama yake, kisha akalipaka mafuta likang'ara. Alisikitika muda wote akishona. Mtu wa benki, na hana wa kumshonea! Pini akazigawa kwa wanawake wenye watoto wachanga. Ami alipoamka alilikuta limekunjwa juu ya mto, zima kama jipya. Alilitazama kwa muda, akalivaa, akaenda kumshukuru. Sikujua wakati ule kwamba ile mipasuko aliifanya mwenyewe kwa wembe, na kwamba kule koti lile lilikuwa likijulikana kuliko uso wake.

Kwangu mimi alisema kweli. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta, namsaidia kuziosha nywele ile sukari, nikamuuliza kama huko benki yake wanaruhusu wasichana kupiga kelele. Alicheka mpaka maji yakamwingia puani. Nikamweleza nilivyodhani. Akaacha kucheka.

"Si benki, Raya. Panki. Sema pa."

"Pa."

"Haya. Sasa umekuwa wa pili kujua nyumba nzima."

Akanihadithia. Walikuwa wanne, Waingereza watatu na yeye, wanaishi katika chumba kimoja chenye unyevu hata soksi zao hazikukauka msimu mzima wa baridi, na ndiyo maana bendi yao ikaitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya Soksi Mbichi. Walianza kupiga katika vilabu ambamo watu waliwarushia chupa. Yeye hakujua kuimba, wala hapakuwa na aliyejua, lakini siku ya kwanza alipofungua mdomo wenzake waliacha kupiga wakamtazama. Gazeti moja likawaandika kwamba ni aibu ya mji, na tangu hapo kumbi zikajaa. Sasa kampuni moja ilitaka kuwatolea sahani ya santuri na kuwazungusha miji yote ya Uingereza. Wenzake walikuwa wakimngoja yeye tu.

"Na Bibi?" nikauliza.

Aliweka kidole mdomoni. "Nitamwambia mwenyewe. Natafuta siku yenye furaha."

Siku yenye furaha ilikuja, na ilikuwa kule Wadi Bani Khalid, bonde la mto. Tulikwenda kwa gari ya kuazima, sufuria ya wali imefungwa kwa leso, Bibi mbele na sisi nyuma tukirukaruka kama mahindi kwenye kikaango. Pale wadini kuna mabwawa ya maji ya kijani katikati ya mawe meupe, na mitende juu yake. Bibi alikaa kwenye kivuli miguu ndani ya maji. Ami akajitosa na nywele zake zimesimama, akaibuka zimelala, na vile visamaki vya wadi vikamfuata kichwani kwa ile sukari. Tulicheka, na Bibi alicheka kuliko sote.

Baada ya kula, kaka yangu akachukua sufuria tupu akaanza kuipiga. Ami akasimama juu ya jiwe, amevaa lile koti lake lililoshonwa, akaimba. Alianza kwa Kiingereza, na ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kanda, sauti ya koo lote, lakini nikimwona mwenyewe sikuiogopa. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kisha likafika kiitikio, na kiitikio kilikuwa Kiswahili.

"Funga mlango! Funga mlango! Mbuzi hao! Mbuzi hao!"

Bibi akaacha kumenya chungwa. Hayo yalikuwa maneno yake. Kila siku ya maisha yetu Ibra aliyapiga hayo makelele, kwa sababu ya wale mbuzi wa jirani waliokula tende zetu na leso zetu kwenye kamba. Ami alikuwa ameyachukua mpaka Uingereza, na kumbi nzima za vijana wa Kizungu zilikuwa zikiyaitikia bila ya kujua maana yake. Sisi watoto tuliitikia tukijua, na majabali ya wadi yakatuitikia. Funga mlango! Mbuzi hao!

"Ananitania huyu," Bibi akasema, na akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Alimtazama Ami juu ya jiwe lile mpaka wimbo ukaisha, na chungwa likabaki mkononi.

Nilitumwa na Mama kuosha sufuria, na nyuma ya jiwe kubwa nikamkuta Baba na Ami wamesimama. Hawakuniona.

"Namwambia leo," Ami alikuwa akisema. "Umemwona alivyofurahi?"

"Kafurahia mchezo wa watoto. Utamwambia nini? Kwamba hakuna benki?"

"Kaka, wananingoja. Nisiporudi watatafuta mwengine."

"Na wale wanawake wa Ibra wanaompisha kwenye mto? Siku wakisikia mwanawe kaacha masomo anaimba vilabuni, watampisha tena?" Baba hakuwa mtu mkali. Alisema kwa kumbembeleza, na nadhani ndiyo maana yalimwingia. "Mama kanyang'anywa kila kitu, Nassor. Mume, shamba, nyumba. Kilichobaki ni hii benki yako. Hii nayo unamnyang'anya wewe?"

Ami aliokota kijiwe akakitupa majini, akaokota kingine. Nilirudi na sufuria haijaoshwa.

Siku chache baadaye Ami alikwenda kwa kinyozi. Alirudi kichwa kimenyolewa vizuri, amevaa kanzu ya Baba na kilemba, akaenda moja kwa moja kwa Bibi, akapiga magoti mbele yake. Akamwambia ameonana na meneja wa benki ya hapa Ibra, na wanamtaka, wanatafuta watu wanaojua Kiingereza. Hatarudi tena Uingereza. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana. "Ndilo unalolitaka?" akamuuliza. Ami akasema ndilo. "Basi alhamdulillahi," Bibi akasema. Hakupiga vigelegele, nikadhani amechoka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu wa benki. Alianza mwanzo wa mwezi. Mimi nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile leo inaniuma, ingawa sikufanya lolote baya. Niliona tumepata kila kitu: Ami wetu, hapa hapa, na benki juu. Nikawa nikitoka shule napita pale, nachungulia. Alikuwa amekaa nyuma ya ile meza ndefu, na kati ya makarani wote yeye ndiye aliyesema kwa sauti ya chini zaidi. Wazee walilazimika kuinama kumsikia. Nilikuwa nikingoja, kwa ujinga wangu, labda leo atasahau apayuke.

Hakusahau hata siku moja. Alipanda vyeo, akaoa, akapata watoto wema, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Watu wakamsifu kwa upole wake. Nyumbani pia sauti ikaanza kushuka, kidogo kidogo, hata mkewe akimwita ikawa anajibu kwa kupiga makofi, ajulikane yuko chumba gani, kwa kuwa kuitika kwake hakukusikika.

Soksi Mbichi nao walimngoja kwa muda, kisha wakatafuta mwengine. Habari zao tulizipata kwa mtoto wa rafiki yake Baba aliyekuwa akisoma kule, ambaye hakujua kwamba anatuletea habari za nyumbani. Alikuja likizo na kanda, akasema hii ni bendi inayovuma sana, wamo mpaka kwenye televisheni, na wana wimbo mmoja wa maneno ya kuchekesha ambayo hakuna anayejua ni lugha gani. Akaipiga barazani kwetu. Ami alikuwepo, ametoka kazini, kikombe cha kahawa mkononi. Magitaa yalikuwa yale yale. Sauti ilikuwa ya mtu mwengine, nzuri, yenye nguvu, na ikipiga kelele: "Fanga malango! Fanga malango!"

Yule kijana akacheka. "Mnasikia? Kama Kiswahili vile."

Baba akainuka akaingia ndani. Ami aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akarudisha kikombe kwenye sinia. "Ngoma wameziweka mbali," akasema. Miaka miwili mitatu baadaye tukasikia kwamba bendi imevunjika, waligombana kama wanavyogombana watu waliopata kitu, na yule mwimbaji mpya akaendelea peke yake na jina lake likakua. Kila aliponitajia mtu jina hilo nilihisi kama ninaoneshwa nyumba iliyokuwa yetu.

Nilikuwa msichana wa sekondari Bibi alipougua ule ugonjwa wa mwisho. Kila asubuhi kabla ya kazi Ami alikuwa akipita kumwamkia, kanzu nyeupe, kilemba kimekaa sawa, harufu ya udi. Asubuhi moja tulikuwepo sote chumbani. Baba alikuwa akimmiminia Bibi chai, mdogo wangu amekaa karibu na mlango na kitabu chake cha shule, mimi naipanga mito.

"Nassor," Bibi akasema.

"Labeka, Mama."

"Niimbie ule wimbo wangu. Ule wa mbuzi."

Ami akatabasamu. Alitutazama sote kwa haya, akajikohoza, akafungua mdomo. "Funga mlango," akaimba. Ilitoka sauti ndogo, safi, yenye adabu, ile ya kumwambia mteja atie sahihi yake hapa. Mdogo wangu akaweka kitabu chini, akainuka, akaufunga mlango.

Hakuna aliyecheka. Ami akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na sauti haikupanda.

"Si hivyo," Bibi akasema. "Kama siku ile wadini."

"Ile imeshaondoka, Mama. Benki hawaitaki."

"Sasa huko benki ulikwendea nini?"

Ami akamtazama Baba, kama alivyomtazama siku ile aliposhuka garini. Safari hii Baba hakuwa na mizigo ya kujishughulisha nayo.

"Nilikwenda kwa ajili yako," Ami akasema.

"Kwa ajili yangu mie?" Bibi alijaribu kuinuka, nikamwekea mto mgongoni. "Mie siku ile nilikuona juu ya jiwe, nikajua huyu si wa kukaa. Mtu hafanyi vile kwa mchezo. Nikawa nangoja uje uniage. Tende zako za safari nshazifunga kwenye kikapu, nimezificha chini ya kitanda. Ukaja ukanambia umepata kazi benki. Nikakuuliza, ndilo unalolitaka? Ukasema ndilo. Nikasema basi, ndiyo raha yake, nisimharibie."

Baba aliendelea kumimina chai. Ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza kumwagika kwenye mkeka, na hakuna aliyemwambia aache.

Ami akambusu Bibi mkono, akakaa ameushikilia. Kisha akatazama saa yake, akarekebisha kilemba, akainuka. Alisema kwamba benki inafunguliwa saa mbili, na alilisema kwa sauti ndogo mno hata Bibi akanigeukia kuniuliza amesema nini.